Mgonjwa wa moyo akirudi Lindi, nani anampokea?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie sehemu ya tiba ya moyo ambayo magazeti yetu, lako likiwamo, huiacha njiani. Madaktari bingwa wanapokuja mikoa ya Kusini kwa tiba mkoba, habari huandikwa kwa bashasha: foleni iliyoanza alfajiri, idadi ya waliopimwa, shukrani za viongozi. Waliokutwa na matatizo makubwa hupewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na hapo habari hukoma. Nimefanya kazi ya uuguzi katika mkoa wa Lindi hadi kustaafu, na kwa nilivyoona, kazi kubwa huanza pale mgonjwa anaposhuka kwenye basi akiwa na mfuko wa dawa na karatasi ya kuruhusiwa, kwa kuwa daktari bingwa hukaa naye siku chache tu, ilhali miaka yake iliyobaki ataiishi Mtama, Ruangwa, Liwale au Kilwa Kivinje.

Sisemi haya kwa kubeza yaliyofanyika. Kabla ya taasisi hiyo kuanzishwa mwaka 2015, wengi waliohitaji upasuaji wa moyo walisubiri zamu ya kupelekwa India, na si wote waliofikiwa na zamu hiyo. Leo valvu, yaani vilango vya ndani ya moyo vinavyozuia damu isirudi nyuma, hubadilishwa na mishipa iliyoziba huzibuliwa hapa hapa nchini. Ila tiba hiyo haimfanyi mtu kuwa kama hakuwahi kuugua, na hili ndilo ambalo wagonjwa wengi na ndugu zao hawaelezwi wakaelewa.

Walio wengi hata Dar es Salaam hawafiki, nao ni wale wenye shinikizo la juu la damu, yaani waliopimwa zaidi ya siku moja na kukutwa na 140/90 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye hali hiyo duniani hawajui kuwa wanayo, na si ajabu, kwa sababu presha inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Katika miaka hiyo msuli wa moyo, ambao hulazimika kusukuma damu kwa nguvu kuliko kawaida, hunenepa, kisha huchoka na kutanuka. Mishipa hukakamaa, figo huharibika taratibu, na siku moja mshipa wa ubongo huziba au hupasuka. Vidonge hushusha presha kwa muda ule tu mtu anapovimeza. Havimtibu akapona kama dawa ya malaria inavyofanya.

Mzee mmoja wa huku kwetu aliletwa kituoni na wanawe wakiwa na daftari lake la kliniki, lile la shule lenye jalada lililochakaa. Juu kabisa iliandikwa 180/110, chini yake 160/100, kisha 142/90, na mwezi wa Septemba 128/82. Oktoba hadi Januari hakukuwa na kitu. Mstari wa Februari uliandikwa na muuguzi wa zamu siku hiyo: 210/130, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Ile 128/82 ilikuwa kazi ya dawa, lakini yeye aliisoma kuwa ni cheti cha kupona. Msimu wa korosho ukaingia, zahanati ya karibu, ambayo sina haja ya kuitaja, ikawa haina dawa, na fedha ya kwenda kununua dukani ikangoja malipo ya mnada. Tena katika miezi hiyo ya kuinama mikorosoni tangu asubuhi, mgongo ulipouma, alikuwa akinunua diklofenaki bila cheti. Wengi hawajui kuwa dawa hiyo na ndugu zake hufanya mwili ukae na chumvi na maji, hupandisha presha, na kwa mwenye moyo dhaifu huweza kumrudisha wodini ndani ya siku chache. Kwa mtu wa namna hiyo parasetamo ndiyo ya kuanza nayo. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wangekuwa na mazoea ya kuuliza, "Baba, una presha?", kabla ya kukata kidonge, wangetuokoa wengi.

Kundi la pili ni dogo lakini linaniumiza zaidi, kwa kuwa ni la vijana. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 huugua koo kwa bakteria, hatibiwi vizuri, na baada ya wiki chache huvimba viungo na kupata homa ya baridi yabisi, ambayo huacha makovu kwenye valvu za moyo. Mara nyingi jambo hilo hugunduliwa miaka mingi baadaye, wakati binti aliyekua anaposhika mimba na kushindwa hata kulala chali kwa kukosa pumzi. Mtoto akitambuliwa mapema, sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka, humkinga asiumie tena. Akichelewa, huenda akawekewa valvu ya chuma, na hapo anaanza kutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote.

Wafarini ni dawa inayohitaji uangalizi kuliko zote nilizowahi kugawa. Ikipungua, damu huganda kwenye valvu; ikizidi, mtu huvuja damu. Kwa hiyo damu yake hupimwa mara kwa mara ili kiasi cha dawa kirekebishwe, na mgonjwa wa Liwale akilazimika kupanda gari hadi Lindi mjini, Mtwara au Dar es Salaam kupimwa damu hiyo, atakwenda mara ya kwanza na ya pili, kisha ataanza kukisia. Chakula nacho kina neno. Kisamvu, matembele na mchicha vina vitamini inayopunguza nguvu ya wafarini, na nimesikia wagonjwa wakikatazwa mboga hizo kabisa, jambo ambalo si sahihi: wazile kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, wasizikimbilie mwezi mmoja na kuziacha mwezi unaofuata. Dawa za miti shamba zisichanganywe na wafarini bila daktari kujua. Na msichana mwenye valvu ya chuma asishike mimba kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama.

Kwa waliozibuliwa mishipa na kuwekewa kijibomba cha waya ndani yake, hatari ni ile ile ya kuacha dawa. Mara nyingi hupewa aspirini pamoja na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande ndani ya kijibomba hicho, kwa miezi mingi, aghalabu kufikia mwaka, na anayeziacha mapema kwa kuwa kifua hakiumi tena anaweza kupata mshtuko wa moyo pale pale palipozibuliwa.

Waliopasuliwa kifua wanarudi na mfupa ulioshonwa kwa waya, ambao huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mama aliyetoka upasuaji hapaswi kuinua hata robo yake katika wiki hizo za mwanzo, acha jembe. Hata hivyo atembee kila siku, akianza na kuzunguka uani na kuongeza kidogo kidogo, kwa sababu kulazwa kitandani kama mgonjwa mahututi, ambako ndugu hukuona kuwa ndiko kumhurumia, humdhoofisha. Na asiposhangilia kupona kwake, akawa mnyonge na mwenye kulialia, ijulikane kuwa huzuni ya namna hiyo huwapata wengi baada ya upasuaji, na daktari aambiwe. Si lazima liwe jambo la mashetani.

Mpishi wa nyumba pia anahitaji kuelekezwa. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima, na sisi ni watu wa ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na papa mkavu, wakazi wa pwani yenye mashamba ya chumvi. Kuroweka ng'onda na kumwaga maji yake husaidia, lakini kwa mwenye moyo uliochoka ni bora samaki mbichi. Mgonjwa huyo ajipime uzito kila asubuhi, kwani kuongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji yanayojikusanya, si kunenepa, na aende kituoni kabla miguu haijavimba. Asiye na mizani nyumbani anaweza kujipimia kwenye mizani ya ghala la chama cha msingi, wala hakuna aibu. Mwezi wa Ramadhani, anayetaka kufunga amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dawa nyingi huweza kuhamishiwa daku na futari, ila si zote, na si kila mgonjwa anaweza kufunga.

Ombi langu kwa viongozi wa afya wa mikoa ya Lindi na Mtwara ni dogo kuliko jengo jipya. Dawa za kawaida za presha zitolewe za miezi mitatu kwa mkupuo kabla msimu wa korosho haujaanza, kwa wale ambao presha yao imetulia. Hospitali za wilaya ziwe na kipimo cha damu kwa wanaotumia wafarini. Na karatasi ya kuruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili, ieleze dawa ipi ni ya maisha na ipi ina mwisho, ni dalili zipi za kukimbilia hospitali, na nakala yake ikabidhiwe kwa mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji anakorudi mgonjwa, ili ajue kuwa mtu huyo yupo.

Muuguzi mstaafu,
Mtama, Lindi.