Risala ya Watumishi na Wanafunzi wa Maabara ya Selimundu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi wa watoto wenye selimundu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia wito wetu.

Mheshimiwa, kikundi chetu kinafuatilia protini ya mwanadamu iitwayo BCL11A. Protini hii hushika vinasaba kwa vidole vyake vya zinki (sehemu zake zinazoshikiliwa na madini ya zinki) penye mfuatano wa herufi za vinasaba TGACCA, karibu na jeni ya gama-globini, ambayo ni sehemu ya himoglobini ya mtoto aliye tumboni, na kuizima jeni hiyo. Mtoto akishazaliwa, himoglobini aliyotoka nayo tumboni, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, hupungua. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hapo ndipo maumivu huanza, maana himoglobini hiyo ndiyo iliyokuwa ikizuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walionyesha kwamba BCL11A ikipunguzwa, himoglobini ile hurudi. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba inayokata swichi ya BCL11A katika chembe za uboho. Bei yake iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa muda mfupi tumepiga hatua kubwa mno. Tunakuza chembe changa za damu wenyewe, tunatenga RNA (nakala ya ujumbe wa jeni inayoonyesha jeni ipi inafanya kazi), na mabango yetu ya Kiswahili yamepamba kliniki nzima.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye umeme. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, hivyo BCL11A husomwa kwenye chembe changa zinazokuzwa wiki mbili hadi tatu. RNA yake hukaa kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, friza lililojaa na kufungwa huhimili saa chache tu. Likiwa nusu tupu, au mtu akifungua mlango kuchungulia, muda huo hupungua sana. RNA ikiyeyuka hukatwakatwa na vimeng'enya, na kuigandisha tena hakuiponyi: wiki tatu zimepotea. Umeme unaporudi ukiwa hafifu, kompresa hushindwa kuanza, hupata moto na kuungua.

Kwa hiyo hatuombi friza jingine. Tunaomba stabilaiza ya kVA 5, jenereta ya kVA 10 yenye swichi ya kuhamisha umeme yenyewe (saa nane usiku hakuna wa kuiwasha kwa mkono), na king'ora chenye laini ya simu kitakachotuita joto likifika nyuzi 65 chini ya sifuri. Na fungu la dizeli liwemo kwenye bajeti, kwani jenereta isiyo na mafuta ni chuma tu.

Kwa heshima zote, jenereta hii iliahidiwa hapa hapa na mgeni rasmi aliyekutangulia, tukapiga makofi. Tumeandika barua tatu za kukumbusha, na zote zimejibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Nakala zake tumeziambatanisha na risala hii pamoja na makisio ya bei. Tunaomba, kabla hujaondoka, ututajie tarehe na ofisi tutakayoifuata.

Tunaomba kuwasilisha.