Msimwache wa Nyuma: Barua kwa Vijana Wanaotembea Kwenda Namugongo

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia ninyi vijana wa VIWAWA, chama chetu cha vijana Wakatoliki, wanakwaya, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, mliojiandikisha pamoja nao, na rafiki zetu wa KKKT na Anglikana walioomba kutembea nasi mwaka huu. Nimeiacha barua hii wazi kwa makusudi. Wazazi wenu nao waisome, maana wao ndio watakaobaki nyumbani wakiuliza kila jioni mmefika wapi.

Nimeletewa mpango wenu wa hija ya miguu kwenda Namugongo, Uganda, mahali walipouawa Mashahidi wa Uganda. Mnataka kutoka Bukoba tarehe 24 Mei na kuingia Namugongo tarehe 1 Juni, siku tisa njiani. Nimeambiwa pia kwamba kundi la parokia jirani lilitumia siku kumi mwaka jana, na baadhi yenu mnataka kulipiku. Hapo ndipo nilipoona nishike kalamu.

Hesabu wenyewe. Kutoka Bukoba kupitia Kyaka, Bunazi, Mutukula, Kyotera, Masaka, Lukaya na Mpigi hadi Namugongo ni zaidi ya kilomita 300. Kwa siku tisa mtatakiwa kutembea kama kilomita 35 kila siku, pamoja na siku za mvua, na siku ya mpakani Mutukula ambayo nusu yake huishia kwenye foleni. Kijana wa miaka ishirini ataziweza, walau siku tatu za kwanza. Lakini katika orodha yenu nimemwona mama mwenye goti bovu, nimewaona mabinti wawili waliomaliza kidato cha nne juzi, na nimemwona baba aliyetoka hospitali mwezi wa pili. Hao wataanza kuachwa siku ya pili, na hawatasema. Watu wa namna hiyo huwa hawasemi. Watatabasamu, watasema "tangulieni, nawafuata", na giza litawakuta peke yao barabarani kati ya Bunazi na Mutukula, malori ya mafuta yakiwapita ubavuni.

Kumbukeni tunakwenda kuwaheshimu akina nani. Mwezi wa Mei mwaka 1886 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alitoa hukumu pale Munyonyo, na vijana wa ikulu walioikiri imani wakafungwa kamba na minyororo, wakapelekwa kwa miguu hadi Namugongo mahali pa kunyongea. Wengi wao walikuwa wa umri wenu. Kizito alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na minne, na Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao, alimbatiza usiku ule ule kabla ya safari. Sasa tazameni yaliyotokea njiani. Ponsiano Ngondwe aliuawa kwa mkuki hata kabla hawajafika mbali. Atanasi Bazzekuketta alikatwakatwa Nakivubo tarehe 27 Mei. Siku hiyo hiyo Gonzaga Gonza, ambaye minyororo ilikuwa imemla nyama ya miguu hata akashindwa kuinuka, aliuawa kwa mikuki huko Lubaawo. Waliofika wakawekwa kizuizini kwa wiki nzima, kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Katika msafara ule, aliyeshindwa kutembea alichomwa mkuki. Nataka mlifikirie hilo mnapopanga mwendo. Walioamua kasi ya safari ile walikuwa watu wa Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, na kwao aliyebaki nyuma alikuwa mzigo wa kuutua. Sisi tunaipita njia ya Gonzaga Gonza tukiimba jina lake, halafu tumwache nyuma mama mwenye goti kwa sababu tunashindana na parokia jirani? Siwezi kuikubali hija ya namna hiyo, na sidhani kama ninyi wenyewe mtaikubali mkitulia.

Kwa hiyo naomba mambo mawili makubwa, na mengine yatafuata humo humo. Tokeni tarehe 18 Mei. Kwa kilomita 25 kwa siku, na siku moja nzima ya kupumzika Masaka, mtaingia Namugongo tarehe 31 kabla msongamano haujawa mkubwa kupita kiasi. La pili, wenye mwendo mdogo watangulie. Msiwaweke katikati "ili tuwaangalie", maana katikati watasukumwa. Mama yule awe mbele kabisa pamoja na mbeba msalaba, na wote mfuate hatua zake. Wenye nguvu wakae mkiani, wabebe mizigo ya wengine, na mtu wa mwisho kabisa awe kijana imara mwenye filimbi na tochi. Akipuliza, msafara wote unasimama. Na atakayepanda gari la msaada kwa saa mbili asichekwe wala asiimbiwe wimbo wa kejeli. Nimewahi kuusikia wimbo huo kwenye misafara mingine na uliniuma sana.

Nije kwenye nchi mtakayoipita. Mkishavuka daraja la Kyaka mnaingia kwenye nyika za Missenyi, nchi ya ranchi. Wengi wenu mmekulia kwenye vibanja vya migomba na kahawa na hamjazoea ng'ombe zaidi ya wale wawili wa zizini. Huko mtakutana na makundi makubwa ya ng'ombe wa pembe ndefu, na kundi likivuka barabara ninyi ndio mnaosubiri. Simameni pembeni, nyamazisheni ngoma na spika, waacheni wapite. Ngoma huwashtua, na ng'ombe mia wakishtuka mchungaji wao atapoteza siku nzima akiwakusanya. Msipite kati ya ng'ombe na ndama wake hata kama ndama amelala mbali. Lango la kitalu cha ranchi mlilolikuta limefungwa, lifungeni tena. Mlilolikuta wazi, liacheni wazi, mwenyewe anajua kwa nini.

Kuhusu maji nataka mnisikilize sana. Ranchi zina josho, dimbwi la zege la kuogeshea mifugo, na maji ya josho yana dawa ya kupe. Ni sumu. Kila mara kuna kijana wa mjini anayeona maji yametulia kwenye zege na kutaka kunawa miguu yenye malengelenge. Asiguse. Wala msichukue dumu lililotupwa karibu na josho mkalichotea maji ya kunywa, hata mkilisuuza mara kumi. Birika la kunyweshea mifugo nalo si lenu. Ombeni maji kwa wafugaji, watawapa, hawajawahi kutunyima. Jioni kagueni miguu na viuno, kupe wanapenda mikunjo. Na msiwashe moto majanini. Mwisho wa Mei masika yanakatika, majani marefu yanaanza kukauka juu hata kama chini bado yana unyevu, na malisho yakiungua ni chakula cha mifugo ya mtu kilichoteketea.

Hapo hapo Missenyi kuna jambo ambalo vijana hamfundishwi vya kutosha. Ardhi yote hiyo kaskazini mwa mto Kagera ilivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwishoni mwa Oktoba 1978. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu waliuawa, wengine walichukuliwa, na ng'ombe wa ranchi waliporwa kwa wingi wakavushwa mpaka. Kisha Februari 1979 jeshi letu likaingia Masaka, na mji ule ulibomolewa vibaya. Kwa hiyo mtakapolala Masaka, mkapewa ukumbi, maji ya moto na sahani ya matoke, mjue kwamba waliowapokea nao wana wazee wanaokumbuka mizinga ya upande wetu. Kaeni kwa adabu. Msiimbe nyimbo za kijeshi za vita vile, hata kwa kuchangamsha miguu. Ombeeni marehemu wa pande zote mbili, kwa sauti, wenyeji wakisikia.

Sasa lile la msitu. Nimesikia kuna waliopendekeza kukata njia kupitia Minziro ili mtokee upande wa pili bila kupita Mutukula. Nakataa, na naomba viongozi wenu wakatae. Minziro ni msitu mkubwa, takriban hekta 25,000, unaoungana na msitu wa Malabigambo upande wa Uganda. Ninaupenda kuliko mahali popote katika mkoa wetu. Una ndege ambao Tanzania nzima hutawaona pengine popote, vipepeo wa kila rangi, na miti ya jamii ya milimani iliyoshuka ikaota bondeni kwenye maji. Lakini ni msitu wa maji. Mto Kagera ukijaa humwagikia humo, na mwezi wa Mei njia nyingi zimezama. Unatembea kwenye matope ya magotini ukiwa hujui mita kumi mbele kuna nini. Nyoka wapo. Mtandao wa simu unapotea. Isitoshe, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, huingii bila kibali, na kutokea Uganda kwa porini ni kuvuka mpaka kinyume cha sheria. Mkikamatwa mtakuwa wahamiaji haramu wenye rozari. Msitu huo tutauomba siku yake, kwa kibali, na mwenyeji wa kutuongoza.

Mpakani kila mmoja awe na pasi au hati ya dharura ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayesema "nitaongea nao" abaki nyumbani. Mkoa wetu ulipata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, kwa hiyo mkipimwa joto au kuulizwa mmetoka kijiji gani, jibuni kwa heshima na kwa ukweli. Mwenye homa asijifiche kundini.

Ng'ambo ya pili mtajisikia nyumbani haraka kuliko mnavyodhani. Anayejua Kihaya ataokota Kiganda njiani. Wazee wa huko wakiwakaribisha kwa buni za kutafuna, pokeeni kwa mikono miwili na mtafune, hata wewe usiyependa, maana kwao kama kwetu kahawa ni neno la kumkubali mgeni. Masaka nendeni Kitovu, kwenye kanisa kuu la jimbo, mkasali. Jimbo hilo ndilo lililompata Yosefu Kiwanuka mwaka 1939, askofu Mkatoliki wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Kumbukeni pia kwamba wamisionari na Wakristo waliokimbia vita vya Buganda mwaka 1892 walipata kimbilio huku kwetu, na misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, ikaanza mwaka huo. Watu wamekuwa wakiipita njia hii kwa miguu kwa ajili ya imani, kwenda na kurudi, tangu miaka hiyo.

Baada ya Lukaya mtaingia kinamasi cha Lwera. Barabara inapita katikati ya maji, pembeni hakuna nafasi, na Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la mto Katonga mpaka magari yakazungushwa mbali. Ulizeni hali ya njia mkiwa bado Masaka. Pale mtembee mstari mmoja, upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja, kila mtu na kizibao cha kung'aa, na msipite usiku kwa sababu yoyote ile. Picha za mstari wa ikweta pale Kayabwe pigeni, lakini nje ya barabara. Msitu wa Mpanga karibu na Mpigi utawapa kivuli kizuri, na mafundi wa ngoma wa Mpambire hawako mbali. Mkitaka kununua ngoma, nunueni mkirudi.

Miguu yenu: viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, soksi mbili, mafuta ya mgando kabla ya kuanza. Lengelenge lisilopasuka liacheni. Kila jioni kijana mmoja amwoshe miguu mtu mzima mmoja kwa maji ya chumvi. Msilifanye tendo la Alhamisi Kuu tu.

Na ndugu zetu wasio Wakatoliki wapewe zamu ya kuongoza sala kama wengine wote. Mkifika, nendeni nao hadi Nakiyanja, kwenye kumbukumbu ya Waanglikana, kabla au baada ya basilika. Mashahidi wao waliungua katika moto uleule.

Jumapili hii baada ya misa ya pili viongozi wote tukutane ukumbini tubadilishe tarehe na kupanga nani atatangulia. Kila mtu aje na viatu atakavyovaa, nivione. Wasio na hati za safari waje na vyeti vya kuzaliwa, yupo wa kuwasindikiza uhamiaji Jumatatu. Mama mwenye goti nimeshamwendea nyumbani. Alitaka kujitoa, nimemwomba asijitoe, na sasa anawasubiri ninyi mumwambie.

Mzee wenu,
Katekista mstaafu, Missenyi