Shukrani kwa dada wa kofia ya bluu

Dada, sikukuuliza jina, nisamehe. Ilikuwa kilomita ya 33 ya marathoni.

Miezi 14 kabla ya siku ile nilikuwa natembelea magongo, mguu umejaa vyuma, na kila niliyemwambia nataka kukimbia marathoni alinitazama kama niliyechanganyikiwa. (Mmoja alicheka waziwazi. Nimekaribia kumsamehe.) Kati ya kilomita 42.195 zilibaki tisa na ushee, miguu ikagoma. Wakimbiaji hupaita hapo ukutani: akiba ya sukari mwilini imeisha, na kichwa kinaanza kukubembeleza ukae. Nikakaa. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka, vidole vikitetemeka hata nikashindwa kuifunga.

Ukapiga goti. Ukaifunga mafundo mawili, ukanipa chupa yako ya maji, ukasema, “Usihesabu kilomita, kaka. Hesabu nguzo.” Kisha ukaenda zako, muda wako umeshaharibika kwa sababu yangu.

Nilizihesabu, nyingi kwa kutembea. Nilifika wakati mabango yanakunjwa, lakini nilifika. Ahsante sana, dada. Yale mafundo sijayafungua mpaka leo. Kiatu nakivua hivyo hivyo.