Waandishi wa hadithi, ulizeni daftari aliandika nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama wa Usa River, na kwa miaka sita nilikuwa katibu wa kamati ya mfereji wetu. Nimeifuatilia hadithi ya mfululizo iliyokwisha mwezi uliopita gazetini mwako, ile ya wanakijiji na kampuni ya mgodi. Kila Jumapili nilimsomea jirani yangu ambaye macho yamemchoka, tumekaa barazani tunachambua maharage. Tuliipenda sana. Ilipofika mwisho tulinyamaza wote wawili, maana tuliona haituhusu tena.

Kijana msomi anashuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam, anahutubia mara moja chini ya mwembe, kijiji kizima kinamfuata. Kisha mkurugenzi wa kampuni anaingiwa na huruma kwa sababu binti yake amempenda kijana huyo, na ardhi inarudishwa. Mhariri, sijawahi kuona kijiji kinachokubaliana kwa hotuba moja. Na huruma ya mkurugenzi hatukuwahi kuipata hata kwa dawa.

Yetu ilikuwa hivi. Kampuni moja ya maua, jina lake naliacha, ilikuwa na kibali cha kuchukua maji kwenye mto uleule unaolisha mfereji wetu. Kiangazi kimoja maji yakaanza kukatika usiku, asubuhi yanarudi kidogo kidogo. Migomba ya bondeni ikaanza kukunja majani. Tulipolalamika tukaulizwa ushahidi uko wapi, nasi hatukuwa nao. Ndipo mzee mmoja akachonga fimbo ya mparachichi, akaichora kwa kisu, alama moja kila upana wa kidole. Tukaisimika kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingia mferejini. Kuanzia hapo tulikwenda wanawake wawili wawili, saa nane usiku na saa kumi alfajiri, mmoja anamulika tochi, mwingine anahesabu vidole vilivyo ndani ya maji. Mimi naandika: tarehe, saa, vidole vingapi. Kaunta buku ile ya kwaya mbili ilijaa upande wa mbele kwa vipimo na upande wa nyuma kwa michango ya nauli na fotokopi. Wengi walitoa elfu moja, elfu mbili. Mmoja nimemwandika "mkungu wa ndizi", kwa kuwa alileta mkungu tukauza sisi. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba.

Kuamka usiku kulizoeleka. Jambo zito lilikuwa nyumbani kwangu. Mke wa mwanangu alikuwa akifunga maua kwenye kampuni hiyohiyo, na mshahara wake ndio uliowavika wajukuu zangu sare za shule. Siku moja msimamizi wake alimwita pembeni akamwambia, "Mwambie mama mkwe wako apumzike." Akarudi, akapika, akatupakulia chakula, hakusema neno. Nilikuja kusikia wiki ya pili kutoka kwa watu wengine. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, nilijua ukisikia utaacha." Usiku ule nilikwenda banioni nalia, na ukurasa wa siku hiyo mwandiko wake hausomeki vizuri mpaka leo.

Nyumba nyingi zilikuwa hivyo, mmoja yuko ndani ya geti, mwingine yuko mferejini. Kampuni ilipoiletea shule tangi la maji, kamati ikagawanyika, na wajumbe wawili wakajitoa. Siwalaumu. Watoto wao walikuwa wakinywa maji ya tangi lile. Hapo ndipo hadithi ilipo, Mhariri, na hapo ndipo waandishi wetu wanapopita mbio kuwahi mapenzi na mahakama.

Mwishoni tuliitwa kikaoni. Meneja alifunua kurasa tatu za daftari, akafunga, akaagiza fundi wake wa pampu aitwe. Tulipata zamu, usiku nne kwa wiki pampu inazimwa. Tulikuwa tumeomba usiku zote saba.

Najua hadithi ya aina hii inaandikika kwa Kiswahili na watu wakaisoma, kwa sababu imeshaandikwa. "Kuli" ya Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1979, na mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948 umo humo. Rashid ni kuli kama makuli wenzake, hakuletwa na basi kuja kuwaokoa. Mwanangu aliisoma akiwa sekondari, nami nikaisoma baada yake, kwa taa ya chemli, siku tatu.

Na huku Meru kwetu tuna kisa ambacho sielewi kwa nini kila kijana haendi nacho mfukoni kama riwaya. Novemba 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili walowezi wapate mashamba ya mifugo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza. Waliokabiliwa walikuwa serikali ya kikoloni na walowezi, hawakuwa kampuni, lakini kazi ilikuwa hiihii: watu walichangishana ili mtu wao asafiri. Hakurudi na ardhi mkononi. Mimi ningependa kusoma juu ya mama aliyetoa mchango wake, juu ya alichouza ili autoe, na juu ya siku aliposikia kwamba mjumbe anarudi bila jibu walilolitaka. Habari za Kirilo tunazo. Za mama huyo nani ameziandika?

Nakuomba basi, hadithi ijayo ya namna hii mpe mwandishi aliye tayari kukaa na watu. Daftari letu ninalo, nimelifunga kwa mfuko wa nailoni kabatini, na fimbo ya mparachichi bado iko kwa mzee. Mwandishi akija nitampeleka mpaka banioni kwa miguu, ni mwendo wa nusu saa. Asije Jumamosi tu, maana siku hiyo nakuwa sokoni Tengeru.

Katibu wa zamani wa kamati ya mfereji,
Usa River, Arusha