Mlozi na huo ubalozi wake

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu likiuzwa shilingi mia mbili na sijawahi kukusumbua. Lakini ile makala ya wilaya ya Karonga imenikaa kooni. Eti Mlozi, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe wa karne ya kumi na tisa, alikuwa "balozi wa Kiswahili" kaskazini mwa Malawi. Balozi!

Mimi ni wa Kyela. Bibi yangu mzaa baba alitoka ng'ambo ya Songwe, mto ambao masika yakizidi huhama njia, ukaamka shamba lako liko nchi ya watu. Wangonde wa huko Karonga na sisi Wanyakyusa tunasikilizana bila mkalimani. Mwaka juzi nilikwenda Karonga kumzika shangazi. Matanga yalipoisha binamu yangu akanipeleka Kambwe, kwenye dimbwi lenye matete kando ya Ziwa Nyasa. Watoto walikuwa wanavua. Akashusha sauti: "Ndipo hapa." Oktoba 1887 watu wa Mlozi na rugaruga wao, yaani askari wa kukodi, waliwabana Wangonde humohumo kwenye matete, wakayatia moto. Aliyetoka alikutana na risasi au mkuki, aliyerudi majini alikutana na mamba, na waliosalia wakageuzwa bidhaa. Mwandishi wako yeye kaona "mgogoro wa kibiashara". Waingereza walipomnyonga Mlozi Desemba 1895 hawakumnyonga kwa makosa ya sarufi, ingawa na wao siwasifu, maana walikuja na yao. Kiswahili kinachosikika Karonga leo kimevushwa na mitumbwi, ndoa, mpira na mchele. Hao ndio mabalozi.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu, huo mchele nao! Safari hiyohiyo nilisimamishwa mpakani saa mbili nzima kwa kilo tano za mchele wa Kyela, za msibani, nikidaiwa kibali ambacho hata anayekidai hakujua kinatolewa wapi. Nafika msibani napakuliwa wali wa mchele waliolima wao, wanauita Kilombero. Jina la bonde la Morogoro limevuka, kikapu changu kinahojiwa.

Ninachoomba ni kidogo. Mwandishi apelekwe Kambwe, Jumanne asubuhi, asimame mbele ya akina mama wanaoanika usipa, dagaa wa ziwa letu, awasifie huyo balozi wao. Aseme kwa Kiswahili, watamwelewa. Nauli ya kwenda nitamlipia mimi.

Msomaji wako,
Kyela