Fisi wetu amepasuka kweli: soma kabla hujaleta watoto kupiga kambi

Mama mmoja alifika kambini kwetu Aprili na watoto watatu. Kabla hata hajatua begi alisimama mbele ya Sungura wetu wa simiti, akatoa simu, akatazama picha aliyoiona mtandaoni, akamtazama Sungura mwenyewe. Kisha akaniuliza kwa upole unaouma kuliko matusi: "Hizi picha mlipiga mwaka gani?"

Ni za zamani. Siku hizo Sungura alikuwa na masikio mawili. Nimeziondoa, na mnazoziona sasa nimezipiga wiki hii, kutu haijafichwa.

Kwa asiyetujua, tuko upande wa Elementaita, nje kidogo ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru. Baba aliijenga kambi hii kwa hadithi alizosimuliwa na nyanyake. Kila kiwanja cha hema kina mnyama wake wa simiti, na jioni watoto hutembezwa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine wakisimuliwa. Hadithi hazijachakaa. Wanyama ndio wamezeeka.

Ugonjwa wao unaanzia ndani. Baba alisuka nondo na waya wa banda la kuku, akapaka simiti juu. Ufa mdogo ukitokea, maji ya mvua hupenya hadi kwenye chuma. Chuma kikishika kutu huvimba, na simiti iliyo juu yake hubanduka. Kwa miaka tulikuwa tunaziba nyufa na kupaka rangi kila Desemba. Pasaka ikifika, ufa uko palepale. Sasa fundi anachimbua mpaka kwenye nondo, anasugua kutu kwa brashi ya waya, anapaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo anapiga plasta. Mnyama mmoja humchukua fundi karibu wiki nzima, kwa hivyo tumeanza na anayeweza kuumiza mtoto. Ndovu amezungushiwa kamba kwa sababu nondo imechomoza mkongani. Tafadhali usimpandishe mtoto pale, hata kwa picha moja tu.

Fisi wa njia panda ni kesi nyingine. Mnaijua hadithi: alinusa nyama njia zote mbili, akataka kwenda kote, akapasuka msamba. Basi wetu naye amepasuka, kuanzia kidevuni hadi tumboni, na hakuna aliyepanga. Fundi amemkagua, hana ncha wala hatikisiki. Huyo tumekubaliana fundi asimguse.

Mabafu ni ya umri uleule. Maji ya moto yanatoka kwenye pipa tunaloliwashia kuni saa kumi jioni. Saa kumi na mbili huwa tayari, na yanatosha watu kumi hivi wanaooga bila kuimba. Waogeshe watoto kwanza. Sakafu ina mashimo, njoo na patipati.

Maji ya kunywa beba kutoka nyumbani. Visima vingi vya huku Bonde la Ufa vina floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Usiku mbili hazitaharibu meno ya mtu, lakini hata sisi tunakunywa ya mvua, na kiangazi tangi hukauka.

Wageni wa kutoka Kisumu ndio hudanganywa sana na jua letu la mchana. Hapa ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai na Agosti unataka blanketi nzito, na nyingine ya kutandika chini ya godoro, maana baridi hupanda kutoka ardhini. Udongo nao ni mwepesi kama unga. Upepo wa alasiri ukianza, vigingi hung'oka. Tumerundika mawe kila kiwanja. Weka jiwe juu ya kila kigingi hata kama hewa imetulia.

Bei haijapanda, na kiwanja cha Ndovu ni nusu bei mpaka apone.

Yule mama tulimrudishia pesa za usiku mmoja. Walipokuwa wakifunga mizigo, kitinda mimba wake alinikabidhi kipande cha simiti alichookota nyasini, upande mmoja bado una rangi ya waridi. Nimempa fundi. Ndovu akimalizika, anayefuata ni Sungura.