Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wajumbe wa Umoja wa Familia: 2024, Mwaka Tuliomzika Mama

Ndugu wajumbe, dada zangu, wadogo zangu, watoto wetu na wajukuu,

Bwana Yesu asifiwe. Poleni na safari ya kupanda Marangu, na poleni tena na msiba. Hii ni Krismasi ya kwanza Mama hayupo mlangoni pa jiko kumuuliza kila anayeshuka kwenye gari amekula nini njiani.

Shughuli za kawaida mnazijua. Kamati ilikaa mara 4, ada za shule za watoto 3 zimelipwa, kijana anayetunza kihamba, shamba letu la ukoo linaloizunguka nyumba, amelipwa miezi yote 12, ng'ombe amezaa, na paa la stoo bado linavuja. Fedha nitazisoma mwishoni. Sasa niingie kwenye jambo ambalo limesemwa sana tangu Aprili, pengine zaidi nikiwa sipo: uamuzi wangu wa kumleta Mama azikwe hapa, na fedha nilizotoa.

Mama alifariki Dar es Salaam, alikokuwa amepelekwa kwa matibabu. Usiku uleule niliamua mwili uletwe nyumbani, nikatoa kwenye mfuko shilingi 6,840,000 kwa ajili ya jeneza, gari la kubeba mwili na mabasi 2 ya kukodi. Katiba yetu hairuhusu mwenyekiti kutoa zaidi ya 1,000,000 bila kikao. Nilikivunja kifungu hicho na nakiri mbele yenu. Lakini naomba ijulikane pia kwamba niliwapigia wanakamati wote 7 na waliopokea ni 3. Kwenye kundi la WhatsApp ujumbe wangu ulisomwa na watu 29, wakajibu 6, na kati ya hao 4 waliandika "pole" tu. Wanaoniuliza leo kwa nini sikuita kikao, ningefurahi kama wangepokea simu usiku ule.

Hoja ya waliopinga ilikuwa kwamba makaburi yapo Dar es Salaam, kwamba watoto wengi wa Mama wanaishi huko, na kwamba si busara kubeba mwili zaidi ya kilomita 500 wakati wa masika. Ni hoja ya mtu anayepiga hesabu, wala siidharau. Ila nawaomba wajukuu, ambao wengi mlimkuta Mama ameshakaa kwenye kiti chake, mnisikilize kidogo kuhusu huyu mtu na kihamba hiki.

Kadi yake ya ubatizo imeandikwa 1931. Aliingia hapa akiwa binti mdogo, akazaa watoto 9, akazika 3. Zamani kahawa ilikuwa ya baba na ndizi zilikuwa za mama, na sisi tulikula na kuvaa kwa hizo ndizi. Alfajiri alishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, akapanda mlima na mzigo kichwani, na kabla ya jua kuwa kali alikuwa ameshafika sokoni Marangu Mtoni na mikungu. Chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, ilipoishambulia kahawa miaka ya 1960, ni yeye aliyekoroga mrututu, dawa ya buluu ya kupulizia, na kumshikia Baba pampu, mikono ikabaki na rangi ya buluu kwa wiki nzima.

Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Kilimanjaro ikawa kati ya wilaya 6 zilizotakiwa kutangulia kufuta ujinga. Mama alikwenda kisomo jioni, na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa shule ya msingi, ndiye niliyekuwa nikimsahihishia, na hilo ninajivunia mpaka leo. Hakuwa na daftari la mazoezi, aliandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Mkaa ulipokuwa ukifutika akachukua msumari akachonga. Nendeni mkautazame mlango ule baada ya chakula: herufi M ya kwanza ina miguu mitano.

Baba alipofariki 1986, Mama alijiandikisha mwenyewe kwenye chama cha msingi, akatia sahihi kwa jina lake pale ambapo karani alikuwa ameshamsogezea wino wa dole gumba. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989 na bei ikaanguka, majirani waling'oa mibuni. Yeye aliacha safu 4 za juu karibu na mfereji, kwingine akapanda mshare, aina ya ndizi zetu, na kuongeza maziwa. Watoto 3 walimaliza sekondari kwa maziwa hayo. Mmojawao anaongoza wanaolalamika kuhusu yale mabasi ya kukodi.

Mwaka 2019 alinishika mkono akanipeleka pale kwenye kaburi la Baba. Akaniambia, "Mimi hapa, kushoto kwake. Na mshare ule msiukate." Nilikuwa peke yangu, sina shahidi, na wapo waliosema nimeitunga habari hiyo. Maneno hayo yaliniumiza. Mwenye shaka akaone kaburi lilivyochimbwa: limepinda kidogo upande wa juu, kwa sababu tuliukwepa mgomba. Wachimbaji walitaka kuufyeka, nikasimama mbele yao.

Kosa langu kubwa halikuwa fedha. Kwa mila yetu Wachagga, nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba, naye nilipaswa kumwambia kabla ya kumwambia dereva. Nilimpita, akajua gari likiwa Chalinze. Juni nilikata sale, jani letu la kuombea msamaha, hapahapa kaburini, nikashuka nalo mpaka Dar es Salaam, nikambisha hodi mdogo wangu. Alilipokea kwa mikono miwili. Jambo hilo kati yetu limekwisha, na ninaomba asitokee mjumbe wa kulichokonoa.

Fedha. Tulianza mwaka na 9,460,000. Rambirambi iliyobaki baada ya chakula cha msiba ni 415,000. Michango ya mwezi kwa wajumbe 41 ilitakiwa kufika 4,920,000, imeingia 2,310,000 tu. Zimetoka 8,910,000: msiba 6,840,000, ada za shule 1,350,000, kihamba 720,000. Zimebaki 3,275,000. Wanaosema mwenyekiti amemaliza mfuko wakumbuke kwamba madeni ya michango ni 2,610,000, na kwamba akaunti hii niliifungua mimi 2009 kwa nauli yangu. Majina ya wadaiwa ninayo. Sitayasoma leo kwa heshima ya aliyelala pale nje, ila nimeyaacha kwa mhazini.

Mahudhurio yananisikitisha. Siku ya maziko uwanja huu ulijaa mpaka barabarani. Mkutano wa Agosti walikuja 9. Leo tuko 23. Mama alikuwa anapika kwa idadi ya waliozaliwa, si ya waliofika, na chakula kilikuwa kinabaki.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kurekebisha paa la stoo, kuzungushia kaburi masale, na kama fedha zitapatikana, kuanza kuandika habari za Mama kabla wanaozikumbuka hatujaondoka. Mlango wa jiko usiguswe. Fundi aliyekuja Oktoba kupima milango mipya nimeshamrudisha.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti